Usijiangushe, Kijana

Fundi Meno hakuwa na jino hata moja bovu kinywani mwake, na hilo alikuambia kabla hujamuuliza. "Kinyozi hajinyoi," alikuwa akisema, "lakini mimi yangu nayatunza." Kisha alicheka kwa upana ili ujionee mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia. Kwa miaka ishirini na mitatu alikaa kwenye chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, uso ukutani, mgongo mlangoni. Mezani palikuwa na taa ya spiriti, kopo la nta ya rangi ya waridi, visu vidogo vitano na mota ya kusagia iliyolia kama nyigu. Kwenye rafu juu yake zilipangwa taya za plasta, kila moja na namba ya mgonjwa, zikiwa wazi kana kwamba zote zinataka kusema kwa wakati mmoja. Wagonjwa hawakumjua. Walimshukuru daktari wa meno, mama mmoja mrefu mwenye haraka, wakaenda zao wakitafuna. Fundi hakujali. Alijua kwamba akipitisha kidole juu ya safu ya meno, angetambua lipi limezidi mwenzake kwa unene wa karatasi, na kwamba hapakuwa na mwingine mjini aliyeweza hivyo.

Ila mwili ulikuwa umeanza kumdai haki yake. Alipofika miaka arobaini na minane, shingo ilikuwa imejipinda mbele kama ya mtu anayetafuta shilingi aliyoiangusha, na mgongo ulikuwa umekakamaa. Asubuhi aliamka kwa awamu: kwanza kiwiko, kisha goti, kisha lawama.

Siku moja alasiri alimpelekea meno yake mlinzi wa jengo moja la ghorofa mbili, mitaa miwili kutoka kliniki. Mlinzi hakuweza kuacha lango, na meno yalikuwa yanambana upande wa kulia, kwa hiyo Fundi akabeba kijitupa chake mfukoni akaenda kuyasawazisha papo hapo. Chini palikuwa na duka la rangi na mbao za dari. Alipokuwa akikwangua, akasikia juu kishindo, kisha kingine, kisha vitatu kwa mpigo.

"Kuna watu wanapigana huko?" akauliza.

"Wanalipa ada ili waangushwe," mlinzi akajibu huku sauti ya sh ikimponyoka kwa mluzi. "Kila Jumanne na Alhamisi. Panda ukaone, mimi mwenyewe nilidhani nimelishwa kitu."

Fundi akapanda. Ukumbi ulikuwa stoo ya zamani, sakafu imetandikwa mikeka minene ya buluu, viatu vimepangwa mlangoni mithili ya wateja kwenye foleni, na hewa imejaa harufu ya jasho na soksi. Katikati alisimama mwanamke mwembamba, amevaa koti jeupe na suruali nyeusi pana kama sketi. Jibaba moja likamjia mbio kwa mkono ulionyooshwa. Yule mama hakurudi nyuma wala hakumsukuma. Alijigeuza kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, akamshika kifundo cha mkono, na jibaba likabiringika mkekani na kusimama upande wa pili likitabasamu.

Fundi alisahau kufunga mdomo, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wafumbue na wafumbe.

"Mnafundisha na wazee?" akauliza baadaye, yule mama alipokuja kumsalimia.

"Wewe ni mzee?"

"Mke wangu ndivyo anavyosema."

"Waume wa wake wa namna hiyo ndio wengi hapa," akajibu. "Hii inaitwa aikido. Njoo Alhamisi saa kumi na moja jioni. Kata kucha za miguu."

Mchana yule mama alikuwa karani wa bima. Jioni wote walimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri kwa miaka ishirini.

Mwezi wa kwanza Fundi hakufundishwa kumwangusha mtu. Alifundishwa kuanguka. Mtoto huanguka mara hamsini kwa siku asikumbuke hata moja, lakini mtu mzima akishazoea kusimama, sakafu inakuwa adui yake. Kila Mwalimu alipomwambia ajiviringishe mbele, Fundi alikakamaa kama ubao, akatua kwa ncha ya bega, akainuka ameuma meno.

"Kidevu kifuani," Mwalimu akamwambia. "Utazame mkanda wako. Mkono uchore duara. Usianguke kama kabati, Fundi. Anguka kama gurudumu."

Akajizoesha nyumbani, sebuleni, saa ambazo mkewe alikuwa kazini. Mkewe alikuwa msimamizi wa maktaba ya shule, mwanamke wa maneno machache, na machache hayo alikuwa ameyapima. Jioni moja alirudi mapema akakuta stuli imevunjika mguu na mumewe amelala chali kando yake, anatazama dari kwa utulivu mkubwa.

"Umeanguka?"

"Nimejiangusha."

Mkewe akaitazama stuli, akamtazama mumewe. "Tunalipa ada ili uvunje samani," akasema. "Si ungevunja bure tu, tukabaki na ada."

Lakini mwezi wa tatu bega lilikubali. Akajiviringisha kutoka mlango wa ukumbi hadi dirishani bila kugonga mfupa hata mmoja, akasimama, akarudi kwa njia ile ile kwa sababu tu ilimpendeza. Mwezi wa sita aliamka kitandani kwa mkupuo mmoja, na mkewe akashtuka akadhani kuna wezi. Kazini daktari alisimama mlangoni akimkodolea macho. "Fundi, umerefuka?" Fundi akamwambia ni shingo tu, imerudi nyumbani kwake.

Zaidi ya hayo, akagundua kwamba aikido ilikuwa kazi ya vidole. Wenzake wengi walikamata mkono wa mtu kama wanafungua bomba lililokwama. Yeye alikuwa amezoea kushika jino la nta lisipondeke, na alijua kwa ncha za vidole ni wapi kitu kinakubali na wapi kinakataa. Akaupata ule mpindo wa kifundo haraka kuliko vijana. Akafanya mtihani wa kwanza, akapita. Akafanya wa pili, akapita. Hapo kichwa kikavimba. Kule kliniki kila aliyepita chumba cha nyuma aliambiwa, "Hebu nishike mkono. Shika kwa nguvu, usiogope." Baada ya mwezi, dada wa mapokezi alikuwa akimsalimia kutoka mbali, mikono mfukoni.

Kipindi cha aikido kilipokwisha, saa kumi na mbili na nusu, mikeka ile ile ilichukuliwa na watu wa judo. Hao hawakuvaa sketi. Makoti yao yalikuwa mazito, yamechakaa kwenye ukosi, na kocha wao alikuwa muuza nyama mmoja mnene mwenye shingo ya upana sawa na kichwa. Jioni moja Fundi alikawia kuvaa viatu, akawatazama wakivutana, akajisemea kwamba watu hawa wanatumia nguvu nyingi mahali panapotaka akili. Bahati mbaya alilisema kwa sauti.

"Vua viatu tena," Kocha akasema bila kukasirika. "Njoo utuonyeshe akili. Ila nikuambie mapema, Fundi, hapa hakuna atakayeanguka kwa adabu."

Wakampa fundi umeme, kijana wa miaka ishirini na saba, mwembamba na mrefu kama ngazi yake mwenyewe. Fundi akaunyemelea mkono wake, akaupata, akaupinda kama alivyofundishwa, akasubiri kijana abiringike. Kijana hakubiringika. Alikuwa amekwisha kumkamata ukosi na mkono wa koti, na kilichofuata Fundi hakukielewa. Alichoona ni dari, na taa ya dari, na kwamba taa hiyo ilikuwa na vumbi.

"Pole, mzee," kijana akasema, akimnyooshea mkono.

Wakaanza tena. Dari. Tena. Dari. Alianguka mara nane, na mara ya nane alikuwa anacheka.

"Pole sana, mzee wangu."

"Usinipe pole," Fundi akasema, anahema. "Nipe nyingine."

Kuanzia jioni hiyo akawa mtu wa vipindi viwili. Saa kumi na moja alikuwa mkekani kwa Mwalimu, na saa kumi na mbili na nusu alifunga mkanda mweupe mpya kabisa akaanza moja kwa Kocha. Kule kwa Mwalimu mwenzako anakupa mwili wake ujifunze, na wewe unampa wako. Huku kwa Kocha mwenzako anakunyima kila kitu, hadi umnyang'anye. Fundi alipenda yote mawili na hakuona haja ya kuchagua, kama vile hakuwahi kuchagua kati ya kisu na moto wakati wa kuchonga nta.

Mwezi wa tano wa judo, fundi umeme alimsukuma kwa kifua kizima. Badala ya kukaza, Fundi akajigeuza kama anayempisha mlangoni, halafu akauacha mguu wake hapo njiani. Kijana akapaa, akatua chali, akabaki amekodoa macho.

"Hiyo umeitoa wapi?" Kocha akauliza.

"Kwa Mwalimu wa saa kumi na moja."

"Mshukuru," Kocha akasema. "Na wewe kijana, kaa sawa."

Mwaka wa pili ukaja na mbavu. Mshona viatu mmoja mgeni, mzito, alimwangusha Fundi vizuri tu lakini akaanguka naye, akamdondokea ubavuni, na kitu kikalia ndani kama kijiti kikavu. Ufa, daktari wa hospitali akasema, wiki sita bila mazoezi. Mkewe hakupiga kelele. Alikunja makoti yote mawili, lile jepesi na lile zito, akayafungia kabatini na ufunguo akauweka kwenye mkoba wake wa kazini.

"Nikae tu nitazame," Fundi akaomba baada ya wiki mbili. "Kutazama hakuvunji mbavu."

"Nakujua. Utatazama kwa mikono."

Wakakubaliana kwamba binti yao mkubwa atampeleka, atakaa naye kwenye benchi na atamrudisha. Binti huyo alikuwa mpima ardhi, mwenye kofia ya kazi na gari la ofisi lenye matope mpaka kwenye vioo, na alikuwa amerithi maneno machache ya mama na ubishi wa baba. Jioni ya kwanza waliyofika, taa moja ya ukumbini ilikuwa inawaka na kuzimika. Fundi umeme alikuwa juu ya ngazi anaibadilisha kabla ya kipindi kuanza.

Binti alimtazama dakika nzima. "Ngazi yako haijakaa," akasema. "Kushoto imeshuka kama sentimita mbili."

"Mimi naona iko sawa."

"Wewe uko juu yake. Huwezi kuona."

Kijana akashuka, akainama, akachungulia. Chini ya mguu wa kushoto mkeka ulikuwa umebonyea. Akapachika kipande cha mbao, akainua macho. "Umepimaje bila kipimo?"

"Kwa macho. Ndiyo kazi."

Wakaendelea kuzungumza kuhusu mbao na vipimo. Fundi alikuwa kando yao, yuko macho, mzima wa akili, na hakuona chochote. Alikuwa akitazama jinsi Kocha anavyoweka nyonga.

Mbavu zikapona. Kabati likafunguliwa. Akapata mkanda wa manjano, na mazoezi na kijana yakaendelea kama kawaida, hadi mwaka uliofuata mambo yalipoanza kuharibika.

Mwanzoni alidhani ni yeye amepata maarifa. Kila alipojaribu kumfagia mguu, kijana alianguka. Kila alipojaribu kumbeba kwa nyonga, kijana alianguka. Na zamu ya kijana ilipofika, Fundi alitua taratibu, ameshikiliwa mkono hadi chini, kama trei ya mayai. Jumanne mbili alirudi nyumbani anapiga mluzi. Jumanne ya tatu, alipokuwa kazini anapitisha kidole juu ya meno ya mgonjwa, mkono ukamwambia kile ambacho kichwa kilikuwa kinakataa kusikia. Uzito wa kijana ulikuwa unaondoka kabla hajauvuta. Kulikuwa na pengo pale, jembamba kama karatasi, kati ya kuvuta kwake na kuanguka kwa mwenzake. Kijana alikuwa anajiangusha.

Alhamisi hiyo, kabla ya kipindi cha judo, alimngojea kwenye benchi la kubadilishia nguo.

"Unaumwa?"

"Hapana, mzee."

"Mimi naumwa?"

"Hapana, mzee."

"Sasa mbona unanibeba kama maiti?"

Kijana akafungua kamba ya kiatu, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena. Jasho lilimtoka kuliko wakati wa mazoezi. "Mzee, nilikuwa nataka nije nyumbani kwako. Kwa heshima zote."

"Kuna nini nyumbani? Umeme uko sawa."

"Sio mambo ya umeme."

Fundi akamtazama. Akaona uso uliolowa jasho, kiatu kilichofungwa mafundo matatu, na mbele ya macho yake ikapita ngazi, na kipande cha mbao, na sentimita mbili. Mwaka mzima! Akajiona kama mtu aliyevaa miwani ya mbao. Akainuka, akachukua mfuko wake, akasema, "Usiku mwema," ingawa jua lilikuwa halijaaga vizuri, akaondoka.

Mkewe alikuwa anakunja nguo.

"Kuna kijana," Fundi akaanza.

"Fundi umeme," mkewe akasema.

"Unajua?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ngazi. Na wewe ulikuwepo, Baba. Mimi niliambiwa tu."

Fundi akakaa kitako juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa. "Sina ugomvi na kijana," akasema. "Ni mchapakazi, ana adabu, hajawahi kunidharau. Hiyo ndiyo shida. Ameacha kuniangusha."

Mkewe alisimama na shuka mkononi. Kisha akafanya jambo ambalo alilifanya mara mbili tatu kwa mwaka: akacheka hadi machozi. "Mwanamume analalamika kwamba mkwe wake hampigi chini," akasema alipoweza. "Nenda kamshtaki basi."

Akaenda kweli, lakini kwa Mwalimu. Alimsimulia yote wakati wanafagia mikeka, akitarajia kuonewa huruma. Mwalimu aliendelea kufagia.

"Miezi yako ya kwanza hapa," akasema, "ulikuwa unanishika mkono kama kikombe cha wageni. Kwa sababu mimi ni mwanamke. Unakumbuka nilikuambia nini?"

Fundi alikumbuka, na haikumfurahisha. "Kwamba nakunyima somo."

"Basi kamwambie na yeye. Wala usimkaripie. Ulikuwa mwema kama yeye, na mwenye makosa kama yeye."

Akamwambia. Kijana akasikiliza kichwa chini. "Mzee, hilo naelewa," akasema. "Lakini nikikuumiza, binti yako anaweza kunisamehe. Mama yake je?"

Fundi akajipapasa ubavu, akakumbuka ufunguo wa kabati.

Mtihani wa mkanda wa rangi ya chungwa kwa Fundi, na wa buluu kwa kijana, ulikuwa Jumamosi asubuhi. Mtahini alitoka klabu nyingine, bwana mmoja mwenye kipara na filimbi shingoni, asiyetabasamu kwa sababu yoyote. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mikeka hii iingie maishani mwao, mkewe alipanda zile ngazi. Akakaa kwenye benchi kando ya binti yake, mkoba magotini, mgongo umenyooka, kama yuko maktaba na ameona watoto wanaotaka kupiga kelele.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Kila mtu alionyesha mitupo aliyofundishwa, mwenzake akakubali kuangushwa, kama ilivyo kawaida. Sehemu ya pili ilikuwa mazoezi huru, dakika tatu, kila mtu na nguvu zake, na Kocha, ambaye hakuwa mjinga, alikuwa amempanga Fundi na fundi umeme.

Wakasalimiana, wakashikana. Fundi akavuta kidogo, kijana akaanguka. Wakainuka. Kijana akamzungusha, akamshusha chini polepole, akamwekea na mkono chini ya kichwa.

Filimbi ikalia. "Nyinyi wawili mnacheza muziki?" mtahini akauliza. "Nikiona hivyo tena, hakuna mkanda. Kwa wote."

Wakashikana tena. Fundi akamvuta karibu hadi paji kwa paji.

"Usijiangushe, kijana," akamnong'oneza. "Na mimi usinilaze. Nimeshika vitu bandia maisha yangu yote, vyako nimevijua."

Hakungoja jibu. Alimsukuma nusu hatua, akasikiliza kwa vidole kwenye ukosi, akasikia kijana anasukuma kurudi, safari hii kweli, uzito wote ukija juu ya mguu wa kulia. Akaufagia mguu huo wakati unagusa chini. Kijana akaruka akatua kwa mgongo na kishindo kilichowafanya watu wa duka la rangi watazame dari. Hapakuwa na pengo. Fundi alisimama juu yake akiwa amejawa na furaha safi ya fundi aliyefunga kazi ikakaa.

Kijana akainuka. Macho yalikuwa yamebadilika. Akashika ukosi kwa namna ambayo Fundi hakuwa ameisikia kwa miezi, na kwa dakika nzima zilisikika pumzi tu na kukwaruza kwa miguu. Fundi alijaribu nyonga, ikakataliwa. Alijaribu mguu, ukaondolewa. Alipovuta mara ya tatu, kijana aliingia chini ya kwapa lake, akageuka, akamchukua begani. Miguu ya Fundi ikaiacha dunia. Kidevu kikaenda kifuani chenyewe, na mkono ukapiga mkeka wenyewe.

Kisha zikasikika hatua za viatu vya mkewe.

Kijana alikuwa amepiga magoti, rangi imemtoka. Mama akafika ukingo wa mkeka, akavua viatu, akavipanga, akaingia.

"Umeumia?" akamuuliza mumewe.

"Hapana."

"Hakika?"

"Mama, ni mtupo mzuri sana," Fundi akasema akiwa bado chali. "Nimependa."

Mama akamgeukia kijana. Akamtazama kwa muda ambao kijana alikuja kusema baadaye kwamba ulikuwa mrefu kuliko mtihani wote. "Wewe," akasema. "Jumapili saa tisa. Nyumbani. Usichelewe."

"Mama," mtahini akasema, "muda wao haujaisha."

"Endeleeni," mama akasema, akarudi kuvaa viatu vyake.

Wote wawili walipita.

Jumapili kijana alifika saa tisa kasoro dakika kumi, shati limepigwa pasi hadi linakata. Akakaa ukingoni mwa kochi. Wakanywa chai, wakazungumza juu ya hali ya barabara na bei ya nyaya, mpaka mama akamkanyaga mumewe mguu chini ya meza. Fundi akakohoa.

"Huyu binti yangu ana kichwa kigumu," akasema. "Akikukatalia jambo, utafanya nini?"

"Nitamsikiliza kwanza, mzee."

"Hapo umejibu kama mtu wa saa kumi na moja."

"Na nikiona amekosea, nitamwambia bila kuficha."

"Hapo umejibu kama mtu wa saa kumi na mbili na nusu."

"Na mimi," binti akasema, akiweka kikombe chini, "nikiona mnanizungumzia kama mkeka, nitawatoa nje wote wawili." Alilisema bila kuinua sauti, na wanaume wote wawili wakaomba radhi kwa pamoja. Mama akamwongezea kijana chai bila kuulizwa, na aliyemjua mama alielewa kwamba maneno yamekwisha.

Walifunga ndoa mwaka uliofuata. Miezi minne baada ya hapo, kampuni ya fundi umeme ikampeleka mji mwingine kufunga nyaya kwenye kiwanda kipya, binti akapata uhamisho, wakahama. Fundi aliwasindikiza, akarudi, na Jumanne akapanda ngazi za ukumbi kama kawaida. Sasa ana miaka hamsini na mitatu, mkanda wa kijani kwa Kocha, na kwa Mwalimu amepewa wanafunzi wapya awafundishe kujiviringisha kila Jumamosi asubuhi. Mkwe hupiga simu mara kwa mara, na mazungumzo yao huanza na nyonga na huishia na nyonga, na binti hulazimika kunyang'anya simu ili asalimie.

Siku hizi anafanya judo na mama mmoja mwoka mikate mwenye kilo tisini na sita, mikono iliyokanda unga miaka kumi na minane. Tangu aje, Fundi hajamtoa mguu chini hata mara moja. Amevuta, amesukuma, amejigeuza, amefagia, na mama yule amesimama pale pale kama tanuri. Mkewe anamuuliza kila Jumanne usiku imekuwaje, na Fundi anajibu huku akijipaka dawa ya misuli begani kwamba bado, lakini wiki hii amehisi kisigino cha kushoto cha yule mama kikiwa chepesi kidogo, na Alhamisi ataanzia hapo.